Karatasi Tupu Haina Pancha

"Utakaa darasani na mwanao siku tatu," mkuu wa shule alisema. "Kuanzia kesho Jumatano. Kengele ya kwanza ikilia uwe umeshakaa."

Loishiye alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye ujenzi, saruji imekauka kwenye nywele za mikono, na tangu aingie ofisini alikuwa akifikiria jinsi ya kukaa bila kuchafua kiti. Sasa alikisahau kiti.

"Nikae nifanye nini, mwalimu?"

"Ukae. Basi. Uone mwanao anafanya nini humu ndani."

Mkuu wa shule aliitwa Mwalimu Theresia, mama wa Songea. Aliletwa mwaka uliopita kwenye sekondari hii ya kata, juu kidogo ya Elerai, mahali mji unapoishia na migomba inapoanza. Aliletwa kwa sababu shule ilikuwa ya mkiani, na huko alikotoka aliwahi kuinua shule iliyokuwa mbaya kuliko hii. Alichomoa karatasi za majaribio kwenye droo, akazipanga mezani moja moja kama mtu anayegawa karata.

"Hisabati. Jiografia. Baiolojia. Soma."

Loishiye aliishia darasa la sita, lakini hapakuwa na cha kusoma. Kila karatasi ilikuwa na jina, Jackline Loishiye, kidato cha pili B, na chini yake weupe mtupu mpaka mwisho.

"Labda hajui," alisema.

"Asiyejua anaandika upuuzi. Nina watoto hapa wanaandika upuuzi mpaka nacheka peke yangu. Huyu haandiki kitu. Huu ni mgomo, mzee."

"Darasa la saba alikuwa wa pili shule nzima."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita. Angekuwa mzito wa kichwa nisingekusumbua." Alizikusanya karatasi. "Novemba wana mtihani wa taifa. Akipeleka karatasi kama hii, atarudia darasa, na wasichana wakirudia darasa hapa huwa hawafiki mwisho. Unajua wanaishia wapi, sina haja ya kukuambia. Sasa mimi nimeweka utaratibu. Mtoto wa namna hii mzazi anakaa naye. Mzazi asipokaa, na mtoto akae nyumbani."

Loishiye alitafuta namna ya kulisema lililokuwa likimkaba. "Mwalimu, huku kwetu baba hakai dawati moja na binti aliyekua. Si heshima. Na darasa lile limejaa mabinti wa watu wa rika langu. Wote hao ni binti zangu."

"Basi vizuri. Utakuwa baba wa darasa."

"Sikatai kukaa. Ila si dawati moja naye."

Mwalimu Theresia alimtazama kuona kama ni ujanja. Alikuwa ameshasikia visingizio vingi vya wazazi, vya mvua, vya misiba, vya ng'ombe aliyezaa. Hiki kilikuwa kipya. "Kaa nyuma na wavulana," alisema mwishowe. "Lakini ukae."

*

Nkasiogi, mke wa Loishiye, alikuwa akikoroga loshoro kwenye sufuria kubwa, mahindi na mtindi, chakula alichouza barabarani kwa waendesha bodaboda. Aliposikia habari aliacha kukoroga.

"Siku tatu? Na Richard?"

Richard alikuwa msimamizi wa ujenzi wa ukuta wa hoteli kule Usa River, kazi nzuri kuliko zote Loishiye alizopata mwaka huo.

"Nimempigia. Kasema atanivumilia, ila hajaahidi."

"Richard havumilii hata mvua." Aligeuka kumwangalia Jackline, aliyekuwa kwenye kona akimenya ndizi. "Wewe. Tuambie leo. Kuna mvulana?"

"Hapana, yeyo."

"Kuna mtu amekuroga mkono?"

"Hapana."

"Basi kalamu imekuwa nzito? Baba yako anabeba matofali, wewe kalamu imekushinda?"

Jackline aliendelea kumenya. Loishiye alimwangalia mikono. Ilifanya kazi haraka, bila kosa, ganda likitoka vipande vinne kila mara. Hakuona mkono uliorogwa. Aliona kitu kingine asichokijua jina, na kwa mara ya kwanza tangu atoke ofisini hasira ilimtoka, ikabaki hamu ya kujua. Mtoto anajua kuandika. Haandiki. Kwa nini?

*

Dawati la nyuma lilikuwa fupi. Magoti ya Loishiye yalikwama chini ya ubao, ikabidi akae upande. Mvulana wa pembeni yake, Meshack, alimpa nafasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Umefeli nini?"

Wavulana wa mbele walicheka kwa mabega bila kutoa sauti. Loishiye naye alicheka kidogo. "Nimefeli kuzaa mtoto anayeandika."

Jumatano ilipita hivyo. Walimu waliingia, wakamwona, wakamwamkia kwa haya, wakaanza kufundisha kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Kiingereza kilipita juu ya kichwa chake. Lakini mtu asiyeelewa maneno huangalia watu, na Loishiye aliangalia. Mwalimu akiuliza, "Tumeelewana?" darasa zima liliitikia "Ndiyooo!" Akiuliza swali la mtu mmoja, darasa lilikufa. Vichwa viliinama kama mihogo imepigwa jua. Meshack aliandika huku mkono wa kushoto umezunguka daftari, hata mtu wa dawati lake asione. Jackline, safu ya tatu upande wa wasichana, alinakili kila kitu kilichokuwa ubaoni. Aliandika vizuri tu. Ni pale mwalimu aliposema "sasa fanyeni wenyewe" ndipo kalamu yake ililala.

Ajabu, Loishiye aliwaza. Ya mwalimu anaandika. Ya kwake haandiki.

Alhamisi, kipindi cha tatu, aliingia Mwalimu Hans wa hisabati, kijana wa Kimeru mwenye moyo mzuri. Alikuwa akifundisha maumbo yanayokuzwa, na alipomwona fundi nyuma ya darasa alipata wazo. Alitaka kumpa heshima mbele ya watoto.

"Leo tuna bahati, tuna fundi," alisema kwa Kiswahili. "Mzee Loishiye, tusaidie. Una chumba cha mita tatu kwa tatu, umekiwekea vigae. Tajiri anasema ongeza, urefu uwe mara mbili, upana uwe mara mbili. Vigae vitakuwa mara ngapi ya vile vya kwanza?"

Loishiye alisimama kwa sababu wengine walisimama wakijibu. Magoti yaligonga dawati. Macho yote yakageuka. Angekuwa kwenye ujenzi, angepiga hatua kwenye vumbi, angekiona chumba, angejibu kabla tajiri hajamaliza. Hapa hakuona chumba. Aliona macho. Ulimi ukatangulia.

"Mara mbili."

Kutoka safu ya mbele, pale alipokaa kiongozi wa darasa, ilianza sauti kama upepo unaotoka kwenye tairi lililochomwa msumari. "Sssssss..." Safu ya pili ikapokea, ya tatu, ya nne, darasa zima likavuja kwa pamoja, kisha kwa kishindo, viganja juu ya madawati:

"PANCHA!"

Ilitoka kabla hawajafikiri. Ilikuwa mazoea ya kila siku, kama kupiga chafya. Ndipo wakaona walichofanya. Kiongozi wa darasa, Sinyati, binti wa Kisioki, aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisioki na Loishiye walikuwa rika moja, Landiss wote wawili, walitahiriwa msimu mmoja. Sinyati alikuwa amemzomea baba yake. Na nusu ya darasa lile wangeweza kusema hivyo hivyo.

"Nyamazeni!" Hans alipiga kelele, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

Loishiye alikaa. Masikio yalikuwa ya moto. Alilijua jibu sasa. Lilikuja lenyewe mara tu alipokaa, mara nne, wazi kabisa, kama mtu anayefika msibani watu wameshazika. Aliangalia mbele amwone binti yake. Jackline peke yake hakuwa amegeuka.

*

Walirudi nyumbani kwa njia ya mfereji, yeye mbele, Jackline nyuma. Baada ya kupita kanisa Loishiye alisema bila kugeuka:

"Huwa mnafanya hivyo?"

"Mimi sifanyi."

"Wao."

"Kila siku."

"Walimu wanawaachia?"

"Ilitoka kwa madam mkuu. Si ile sauti. Lakini kila Ijumaa mstarini madam anasoma majibu mabaya ya wiki. Anasoma na jina. Anasema tucheke ili tuamke. Watu wakaanza kuita pancha za wiki. Halafu ikaingia darasani."

"Na wewe umewahi kusomwa?"

"Mwaka jana. Swali lilikuwa mlima mrefu kuliko yote Tanzania. Nikaandika Meru."

Loishiye alisimama. Mlima wenyewe ulikuwa pale kulia kwao, umejaa nusu ya mbingu. Alijikaza asicheke.

"Ulikuwa hujui Kilimanjaro?"

"Nilijua! Nilijua, baba. Nilikuwa naharakisha, na huu ndio naamka nauona." Sauti ilimpanda. "Kila mtu anajua Kilimanjaro. Wakaniita Mama Meru. Mpaka walimu. Mpaka yule anayeuza maandazi getini. Nikakaa nikapima. Nikiandika nikapata, hakuna anayesema kitu. Nikiandika nikakosa, nasomwa. Lakini karatasi tupu madam hawezi kusoma. Atasoma nini? Karatasi tupu haina pancha."

Loishiye alitaka kumgombeza. Lakini hesabu ile ilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe, kama kesho Hans angemuuliza tena, asingesimama.

"Novemba hawatasoma mstarini," alisema. "Wanasahihisha watu wasiokujua."

"Mkono haujui hilo, baba. Nikishika kalamu nasikia ile sauti."

*

Kabla ya chai ya asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa Kisioki mwenyewe, koti la kanisani mwilini, na mkononi fungu la majani mabichi yaliyong'olewa na mizizi.

"Sopai," alisalimia.

"Epa. Kisioki, majani ya nini?"

"Unajua ya nini." Kisioki hakukaa. "Sinyati kaniambia kwa mdomo wake. Kalia usiku kucha. Kamzomea baba yake mbele za watu, na yeye ndiye aliyeanza. Mwanangu akikuzomea wewe kanizomea mimi. Sasa nimekuja na majani nikuombe radhi. Usiwafunge."

"Sijamfunga mtu. Sijalaani mtu."

"Hukulaani kwa mdomo. Moyo je? Uliumia?"

Loishiye alikuwa mtu mkweli, na hilo lilimponza. "Niliumia."

"Unaona!" Kisioki alishika kichwa. "Laana haisubiri mdomo. Na mtihani ni Novemba. Nimwache aingie na kitu hiki shingoni?"

"Wewe si mzee wa kanisa, Kisioki? Mchungaji anasemaje?"

"Nimempigia. Kasema mtandao unasumbua."

Nkasiogi, ndani, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisioki alimsubiri amalize. "Wenzetu wote wameshasikia. Wanapanda shuleni sasa hivi. Sema unachotaka, Loishiye. Mimi nina jike la kondoo, lina mimba."

Kikohozi kilikoma. Nkasiogi alitoka na kijiko mkononi. "Baba Jackline, lichukue."

"Ngoja kwanza."

"Hakuna kungoja. Siku tatu hujaleta hata shilingi, Richard jana hakupokea simu yako. Watu wamekukosea, wanakuletea mnyama mwenye mimba, unasema ngoja? Utakula hewa?"

Loishiye aliyatazama majani mkononi mwa Kisioki. Jike lenye mimba lingefidia siku zake, na zaidi. Alikuwa analitaka. Alishapaona hata pa kulifunga, pale nyuma ya jiko. Lakini kitu kimoja kilikuwa kimemshika tangu jana kwenye mfereji, nacho hakikutaka kumwachia: jinsi binti yake alivyopima, akapata jibu, na jibu likawa la kumwangamiza.

"Nitasema huko huko shuleni," alisema, akavaa viatu.

*

Mwalimu Theresia alitoka ofisini na karatasi zake za Ijumaa mkononi, tayari kwa mstari, akakuta uwanja umejaa wazazi. Alisimama. Mwaka mzima alikuwa ameitisha vikao vya wazazi, ametuma barua, ametuma ujumbe wa simu, amemwomba mwenyekiti wa mtaa apige filimbi, na hakuwahi kupata hata wa kujaza benchi. Leo walikuwa wamekuja akina baba na fimbo zao, akina mama na vitenge vyao, bibi mmoja ameletwa kwa bodaboda. Na kidato cha pili B walikuwa kando ya uzio wameinama, wanang'oa majani.

"Mwalimu Hans! Nani amewapa adhabu hawa bila kuniambia?"

"Si adhabu, madam."

"Kwa hiyo wamependa wenyewe kung'oa majani saa moja asubuhi?"

Hans alikuwa Mmeru, mambo haya aliyajua kwa jirani tu, lakini aliyajua. Alimweleza kwa sauti ya chini. Mkuu wa shule alisikiliza huku nyusi zikipanda. "Kwa ajili ya kuzomea? Watoto wanazomeana hapa kila siku!"

"Hawajawahi kumzomea mzee, madam."

Loishiye alifika na Kisioki, Nkasiogi nyuma yao. Watoto walikuja wakapanga mstari mbele yake, wameinamisha vichwa, kila mmoja na majani yake. Sinyati alitangulia, macho yamevimba. Hakuna aliyecheka. Hata Meshack.

"Sema, Loishiye," Kisioki alisema kwa sauti ya kusikika. "Wazazi wako hapa. Unataka nini ili moyo wako upoe?"

Loishiye hakuwahi kuongea mbele ya watu wengi. Alikuwa na hofu ile ile ya jana. Lakini jana alikuwa akitafuta jibu la mtu mwingine.

"Sitaki kondoo," alisema.

Nkasiogi alisonya, ikasikika mpaka getini.

"Nataka hiyo pancha iishe. Si kwangu tu. Mimi ni mtu mzima, nimezomewa siku moja sikulala. Hawa wanazomewa kila siku. Jana swali lile nilikuwa nalijua. Nimejenga vyumba vingapi? Lakini macho ya watu yalinijaa nikasema ovyo. Jackline haandiki kwa sababu hiyo hiyo. Sikujua. Nilidhani kiburi." Alivuta pumzi. "Anayekosea asizomewe. Na mwalimu asisome karatasi ya mtu hapa mbele. Mkikubali hayo, sina neno na mtoto yeyote."

Macho yote yalihama kwa Loishiye yakaenda kwa Mwalimu Theresia na karatasi zake.

"Mzee," alisema taratibu, "nakuheshimu. Lakini shule haiendeshwi kwa majani. Mimi nasoma yale majibu ili waamke. Hata mimi nilisomwa hivyo hivyo nilipokuwa mtoto, kule kwetu, mbele ya shule nzima. Nikaona aibu, nikaamka, nikasoma. Leo niko hapa."

"Wewe uliamka," Loishiye alisema. "Wenzako waliosomwa pamoja nawe, wako wapi?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli. Walikuwa wengi, wale wenzake Mwalimu Theresia. Aliwakumbuka wawili watatu kwa majina, wasichana waliosimama naye kwenye jua lile. Hakujua walikokwenda. Hakuwahi hata kujiuliza.

"Madam," Hans alisema, akiangalia viatu vyake. "Zile karatasi tupu. Hatukuwa nazo kabla hatujaanza kusoma mstarini."

"Uliniambia ni uvivu."

"Nilikuambia ulichotaka kusikia, madam."

Mtu fulani kwenye wazazi alisema "Hee!" Mwalimu Theresia alimtazama kijana huyo, na Hans akajiona ameshahamishiwa Loliondo. Lakini mkuu wa shule alizikunja zile karatasi mara moja, akazikunja tena, akazitia mfukoni mwa gauni.

"Sitasoma," alisema. "Tuone. Nasema tuone. Matokeo yakishuka nitawaita tena, na mje wengi hivi hivi."

Kisioki hakuona kama hilo linatosha. Aligawa fungu lake la majani nusu kwa nusu, akamsogelea, akamwekea mkononi. "Na wewe mama, samahani, shika uombe nao. Ulikuwa kiongozi wao."

Mkuu wa shule aliyashika majani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mtu. Aliangalia kulia na kushoto kuona wenzake wanayashikaje. Kisha akainamisha kichwa, si sana. Loishiye alipita kwenye mstari, akamgusa kila mtoto kichwani, akatema hewani mate kidogo ya baraka, kama alivyomwona baba yake akifanya. Alipofika kwa mkuu wa shule alisita, akampungia tu mkono. Akina mama wakacheka, na kwa kicheko hicho uwanja ukapumua.

*

Richard alikuwa ameshamweka mtu mwingine. Alimwambia Loishiye kwa simu, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole. Wiki nzima Loishiye alikaa bila kazi, na wiki nzima Nkasiogi alimkumbusha kondoo.

"Sasa hivi lingekuwa limezaa," alisema akipakua loshoro kwenye ndoo. "Tungekuwa na wawili."

"Halikuwa la kuzaa wiki hii."

"Mapacha, labda. Watatu."

Mwishowe alipata kibarua Kimandolu, kuziba nyufa za nyumba ya mjane mmoja, malipo madogo na mama mwenyewe msumbufu. Jioni alimuuliza Jackline habari za shule. Pancha imekwisha? Haijakwisha, Jackline alisema. Juzi mmoja alianza "Sss", Sinyati akamtandika teke chini ya dawati. Lakini watu wanaandika? Jackline aliinuka akaenda kuosha sufuria.

Kwa sababu jaribio la kwanza baada ya majani alirudisha karatasi tupu tena. Hans aliipokea, akaitazama, akaiweka pamoja na nyingine. Mwalimu Theresia alipoiona alisema, "Si nilisema?" Loishiye naye aliposikia alikwenda nyuma ya jiko, akasimama pale ambapo kondoo angefungwa, akajiuliza kama ametupa mnyama bure.

Jaribio la pili lilikuwa la hisabati, siku ya mvua, bati likipiga kelele hata mwalimu hasikiki. Jackline aliandika jina. Akaandika darasa. Akatazama swali la kwanza muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga sana na hakuna sauti nyingine iliyoweza kusikika chini yake, hata ile ya pancha. Aliandika mstari mmoja. Akangoja. Akaandika wa pili.

Jumatatu Hans alizirudisha karatasi zikiwa zimesahihishwa. Ya Jackline ilijaa wino mwekundu. Alikuwa amepata maswali matatu tu na mengine yote yana mkasi wa kosa. Hans alizigawa haraka bila kutaja alama za mtu, kama walivyokubaliana siku hizi, akafuta ubao, akakusanya vitabu vyake. Kengele ya uji ililia. Watoto walimiminika nje na vikombe.

Jackline alibaki. Alikwenda mbele, karatasi imekunjwa mkononi, akasimama mbali kidogo na meza.

"Sir."

"Nini tena, Jackline? Uji utaisha."

Aliikunjua karatasi, akaweka kidole kwenye swali la tano.

"Hapa nimekosea wapi?"

Hans alitazama. Alikuwa amefundisha miaka sita, na mara zote watoto walikuwa wameuliza wamepata ngapi. Alifuata mstari wa kwanza wa hesabu yake, ulikuwa sawa. Wa pili sawa. Wa tatu hakuuelewa. Msichana alikuwa amepita njia ambayo hakumfundisha, njia ndefu, ya ajabu, na kosa lilikuwa limejificha mahali fulani ndani yake. Hans alikuwa ameiwekea mkasi bila kuisoma.

"Sijui," alisema. "Ngoja."

Aliweka vitabu chini, akavuta kiti.